Nilioga Nyumbani kwa Msailiwa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na wanaonijua hawanipigii simu nikiwa shambani. Kwa hiyo mwenyekiti wa jopo aliponipigia asubuhi ile, niko Chiwata nimeinama chini ya mkorosho aliouotesha marehemu baba, niliiangalia simu ikilia mpaka ikakata. Ikalia tena. Nikapokea.

“Wewe si uko Masasi?”

“Niko likizo.”

“Ndiyo maana nakuuliza. Newala si hapo tu?”

Hapo tu! Mtu wa mjini akitazama ramani anaona kidole kimoja. Haoni mlima, haoni vumbi, haoni kwamba barabara imefukuliwa kusubiri lami na basi la asubuhi limeshaondoka.

Chuo chetu kilikuwa kinatafuta mhadhiri mmoja wa akiolojia ya Ugiriki na historia ya kale. Mmoja tu. Huku kwetu nikilisema hilo watu hucheka wakashika mbavu. Mjomba wangu aliwahi kuniuliza kama Wagiriki hao wamekosa watu wao wa kuwachimbulia vyungu vyao. Lakini somo lilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, na mimi nilikuwa nalifundisha peke yangu huku utaalamu wangu ni Misri, naunga unga tu. Waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe, mwepesi wa maneno, ana shahada ya nje inayong’aa. Nasema ukweli, huyo nilishamchagua moyoni. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Newala niliyemjua kwa karatasi tu.

Mhadhara wa majaribio ulikuwa unatolewa kwa njia ya video, na kanuni ilitaka kila msailiwa awe na mjumbe mmoja wa jopo pembeni yake, asije mtu akajificha nyuma ya pazia akawa anamnong’oneza majibu. Kijana wangu alikuwa mjini, wajumbe tele. Huyu mama hakuwa na mtu.

“Usipokwenda,” mwenyekiti akasema, “itabidi tumwondoe. Na unajua habari ya umri wake.”

Niliijua. Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano, na yeye alikuwa anaivuka mwezi unaofuata. Miaka mingi alikuwa amezunguka na mikataba ya mwaka mwaka, chuo hiki na kile, mwisho akarudi nyumbani kukaa na mama yake, akawa anafundisha sekondari kwa kujitolea. Nafasi hii ikimpita, nyingine ya kudumu hapati tena. Nikatukana kimoyomoyo, nikamwita bodaboda.

Nilifika Newala saa sita na ushei, nimekuwa mwekundu kuanzia kope mpaka soksi. Nyumba ilikuwa ya mabati, ndogo, uwanja umefagiwa, na mwenye nyumba, bibi mwembamba wa miaka sabini na kitu, alikuwa amekaa barazani anachambua choroko. Nikampa shikamoo.

“Marahaba, mwanangu. Ee! Umetoka kufyatua matofali?”

“Natoka Chiwata, mama. Mimi ndiye wa chuo.”

“Hata ungekuwa wa ikulu, vumbi ni vumbi.” Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo ya lita ishirini imejaa mpaka kwenye shingo. Alikuwa ameibeba mwenyewe. Akaiweka mbele yangu. “Kaoge. Adhuhuri hiyo inaingia.”

Sasa hapa lazima nieleze. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na fomu ya jopo, na mstari wake wa kwanza ulisema: *Sijapokea kitu chochote kutoka kwa msailiwa wala kwa ndugu zake.* Hicho “chochote” kilikuwa kimepigiwa mstari. Niliwahi kukataa soda kwa sababu ya mstari ule, tena soda ya moto. Nikamwambia, “Mama, asante, lakini mimi siruhusiwi.”

“Huruhusiwi kuoga?”

“Siruhusiwi kupokea kitu.”

Bibi akanitazama, akaitazama ndoo. Hakukasirika, angekasirika ningemudu, maana hasira naielewa. Aliinama tu na kutaka kuibeba kuirudisha, taratibu, na uso wake ukawa wa mtu aliyeambiwa kwamba kwake hakuna kitu. Newala ukikataa maji ya mtu umemwambia yeye ni maskini. Hilo nililijua tangu utotoni, sisi wa Masasi tunawatania sana hawa wa huku juu kwa shida yao ya maji, lakini hatukatai maji yao. Nikaona haya. Nikajiambia maji ya udhu si rushwa, hakuna mufti atakayesema ni rushwa, na kama ya udhu si rushwa basi ya kuoga ni ndugu yake. Nikaichukua ile ndoo.

Bafu lilikuwa la mabati, wazi juu. Nikaoga. Jamani, nilioga! Nilijimwagia kata baada ya kata, maji ya baridi yanayonuka mvua ya zamani, vumbi likateremka miguuni kama uji wa mtama. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa Masasi niliyezoea bomba, yaliyobaki niliinua ndoo nikayamimina yote kichwani kwa mkupuo. Nilipotoka bibi aliiangalia ndoo tupu.

“Alhamdulillahi,” akasema. “Leo umeoga kweli.”

Wakati wote huo msailiwa mwenyewe hakuwepo, alikuwa amekwenda shuleni kuazima waya wa kompyuta. Alirudi nikiwa nimeshasali, mwanamke mrefu, mkimya, amevaa kitenge na koti la suti juu yake, mikono ya koti ameikunja. Akanipa shikamoo ingawa tumezidiana miaka michache tu. Mikono yake ilikuwa na kovu refu kila mmoja, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Nilidhani ajali. Baadaye ndiyo nilijua ni alama za kuteremka visimani.

Saa nane kamili tukafungua kompyuta. Wajumbe wanne wakatokea kwenye kioo, wamejipanga kwenye vijidirisha vyao: mwenyekiti, maprofesa wawili, na mama wa utumishi, mwanamke mkali kama pilipili kichaa, ambaye kwake kanuni ni aya. Mada aliyopewa ilikuwa namna ya kukadiria idadi ya watu katika mji wa kale wa Kigiriki. Akaanza vizuri. Alikuwa na slaidi zilizopangwa, ramani, mahesabu. Dakika ya tatu mtandao ukalemewa, slaidi zikakwama, dakika ya tano umeme ukakatika na kompyuta ya kuazima ikazima palepale. Betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi.

Mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri: basi, limekwisha.

Akachukua simu yangu bila kuniomba. “Daktari, nipigie mwenyekiti kwa video. Unishikie.” Nikapiga. Mwenyekiti akatuunganisha na wale wengine, akasema aendelee bila slaidi kama anaweza. “Naweza,” akasema, akatoka nje, na mimi nyuma yake na simu mkononi kama mpiga picha wa harusi.

Akaenda nyuma ya nyumba, palipokuwa na kisima chao. Asidhani mtu kisima chenye chemchemi. Huku juu kisima ni shimo la kutunzia mvua. Mabati yanakusanya, mfereji unaleta, shimo linatunza mpaka masika mengine. Chao alikichimba baba yake kwa mkono kabla hajafa, kwa umbo la mtungi: mdomo mwembamba wa kupita mtu mmoja, tumbo pana, kitako kimebinyana. Akafunua mfuniko.

“Waheshimiwa,” akasema, “katika visiwa vikavu vya Ugiriki kila nyumba ilikuwa na kitu hiki. Umbo hilihili. Wao walipaka chokaa, baba alipaka saruji. Nimeshuka kwenye thelathini na kitu vya kwao. Cha kwanza kushuka maishani mwangu kilikuwa hiki, nina miaka minane, nikiwa ndiye mwembamba wa nyumba, naletewa chini brashi na kata kwa kamba.”

Akasema kwamba huko Ugiriki wachimbaji wenzake waliviogopa vile visima, giza lake na mdomo mwembamba, na ndivyo alivyopata kazi yake ya kwanza, kwa kushuka pale wengine walipokataa. Chini kule alijua asome nini. Mstari wa uchafu ukutani unaonyesha maji yalikuwa yanafika wapi mwaka mwema. Mikwaruzo ya kamba kwenye mdomo, upande mmoja tu, inakwambia mtekaji alikuwa anasimama upande wa jikoni. Chokaa iliyokwanguka kwa kusuguliwa inakwambia walikuwa wanasafisha. Alikuwa anazungumza polepole, bila madoido, na mimi niliyefundisha mambo hayo miaka kumi nikagundua kwamba sijawahi kuyaona hata siku moja. Niliyasoma tu. Nilisahau kijana wangu. Nilisahau hata mkono uliokuwa umekufa ganzi kwa kushika simu.

Profesa mmoja akauliza swali la mtego, kwa sauti ile ya maprofesa. “Kwa hiyo ukipima ujazo wa kisima, ukagawa kwa mahitaji ya mtu kwa siku, unapata idadi ya waliokaa ndani ya nyumba. Sivyo?”

“Hapana, Profesa. Wengi wanafanya hivyo, na wengi wanakosea.” Akachukua ufito mrefu uliokuwa umeegemezwa ukutani, umechongwa alama toka juu hadi chini. “Huu ni wa mama. Kila asubuhi anauteremsha anajua yamebaki mangapi. Sasa hivi maji yako kwenye kitako, hapo kwenye wembamba, kila ndoo ni kama kidole kimoja. Nyumba hii ina watu wawili. Mkitaka kujua siri ya kisima, angalieni.” Akauzamisha, akautoa, akaweka kidole palipoishia unyevu. “Alfajiri yalikuwa hapa. Sasa yako hapa. Hiki kidole kilichozidi si changu wala cha mama. Ni ndoo ya mgeni. Daktari ameoga leo. Mkigawa kwa watu bila kumhesabu mgeni, mtawaongezea watu ambao hawakuwepo, na mtawanyima ukarimu watu waliokuwa nao. Kila kisima kilichimbwa kumzidi mwenye nyumba.”

Akatabasamu. Alikuwa amesahau kabisa kwamba yuko kwenye usaili. Alikuwa kwenye kazi yake.

Kisha sauti ya mama wa utumishi: “Samahani. Nani ameoga?”

Nikahisi maji yale yote yananirudi mwilini, safari hii ya moto. Msailiwa naye akashtuka, akanigeukia. Ndiyo kwanza alijua amesema nini. Ningeweza kusema nilinawa uso tu. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, walahi. Lakini nywele zangu zilikuwa bado mbichi, na mficha uchi hazai.

“Mimi,” nikasema. “Ndoo nzima.”

“Kanuni inasema chochote.”

“Najua inasema nini! Mimi ndiye nimeoga, si yeye. Yeye hakuwepo hata nyumbani.”

“Basi mchakato umeingia dosari,” akasema mama wa utumishi, wala hakupandisha sauti. “Tufute, tutangaze upya.”

Kutangaza upya ni miezi. Mwezi mmoja tu ulitosha kummaliza msailiwa. Nilimtazama. Alikuwa ameshika ule ufito kwa mikono miwili, maji yanadondoka kwenye kiatu chake, na hakusema umri wake, hakuomba, hakulia. Alisema tu, “Maji si yangu, mheshimiwa. Ni ya mama. Kama kuna la kuuliza, aulizwe mwenyewe.”

Bibi alikuwa amesimama pembeni muda wote, choroko zake kwenye ungo. Akasogea akachungulia simu. Wajumbe wakaona uso wake, na wote wanne, profesa na profesa, na mama wa utumishi naye, wakajikuta wanasema shikamoo kwa pamoja kama darasa la kwanza.

“Marahaba, wanangu. Kuna nini?”

Mwenyekiti akajikuna. “Mama, tunauliza habari ya yale maji uliyompa mwenzetu. Ulimpa kwa sababu gani?”

“Alikuwa na vumbi.”

“Hapana, yaani... ulijua yeye ndiye anayemsaili binti yako?”

“Alisema. Angekuwa mnunuzi wa korosho ningempa. Angekuwa mwizi ningempa aoge kwanza, ndiyo nipige yowe.” Akasogea karibu zaidi, pua yake ikajaa kioo. “Ninyi huko kwenu, mgeni akija na vumbi mnampa nini? Fomu?”

Profesa mmoja aliangua kicheko mpaka akazima kamera yake. Mama wa utumishi hakucheka, lakini alivua miwani akaifuta, na kwake yeye hiyo ilikuwa kama kupiga magoti. Mwisho akasema kanuni haifutiki kwa kicheko. Hata hivyo, akasema, inaruhusu alama za mjumbe mwenye dosari ziondolewe na waliobaki waamue.

“Ziondolewe,” nikasema. Na hapo, sijui ni kuoga kulikonisafisha au ni aibu, nikaongeza lile ambalo sikupanga kulisema. “Tena ziondolewe kwa wote wawili. Yule kijana nimemfundisha mimi, na nilikuja huku nimeshampa kazi moyoni. Hilo sikuliandika kwenye fomu.”

Mwenyekiti akafunga kikao. Nikamrudisha bibi kwenye choroko zake. Msailiwa akanisindikiza mpaka kwa bodaboda. Nilitaka kumpa pole, nikawa nafunga na kufungua mkoba. Yeye ndiye aliyesema, “Daktari, samahani. Nikiwa kwenye kisima sijui kunyamaza.” Nikamwambia asinyamaze kamwe. Niliyasema kwa ukali, ndiyo sauti niliyo nayo, lakini nadhani alielewa.

Nilikaa Chiwata siku tisa naokota korosho na kumgombeza kila aliyepita. Nilimwomba Mungu kama ninavyomwomba kwa ajili ya wanangu. Siku ya kumi mwenyekiti akapiga, na safari hii nilipokea kabla haijalia mara mbili. Waliobaki walikuwa wanne, na wote wanne walimpa yule mama wa Newala. Mama wa utumishi ndiye aliyempa alama ya juu kuliko wote, na barua ya ajira ilikuwa imeshatoka, wiki mbili kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Nilikaa chini kwenye majani makavu nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Jioni hiyohiyo mhadhiri wetu mpya akanipigia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. “Mama anasema uje kesho.”

“Nije nipongeze?”

“Hajasema. Kasema uje na nguo za kazi.”

Nikaenda, mwekundu kama mara ya kwanza. Bibi alinipokea, akaitikia shikamoo yangu, nikangoja ndoo. Haikuja. Badala yake akanipa brashi ya kusugulia na kata.

“Mama, mimi si mgeni?”

“Mgeni siku mbili. Wewe siku moja ulioga maji ya siku mbili. Leo ni ya tatu.” Akaelekeza kidevu kwenye kisima. “Jembe lako hilo. Mawingu yameanza Ruvuma, na huyu wangu anahama Jumatatu. Nani atashuka?”

Binti yake akacheka mpaka akashikilia ukuta. Nikavua shati. Kupita kwenye ule mdomo nilichunika mikono yote miwili, kiwiko mpaka karibu na kifundo, na hapo ndipo nilipoelewa makovu yale. Ndani kulikuwa na giza na baridi, sauti yangu ikinirudia kutoka kila upande. Kisima kilikuwa kikavu, tope tu kwenye kitako. Nikateremka mpaka chini kabisa, pale kwenye wembamba, nikauliza nianzie wapi.

“Ngoja,” bibi akaita kutoka juu. Ule ufito ukashuka taratibu mbele ya uso wangu, ukasimama topeni. “Utazame. Una uzi mweupe.”

Nikaupapasa. Uzi ulikuwa umefungwa chini sana. Niliutafuta kifuani, nikautafuta gotini, nikaupata nilipoinama: juu kidogo ya kifundo cha mguu wangu. Chini ya hapo ni tope.

“Hapo ndipo yalipobaki ulipokwisha kuoga,” bibi akasema. “Huwa nafunga uzi siku ya mgeni mkubwa.”

Wawili wale walikuwa wamebakiza maji ya kufika kifundo cha mguu, mvua ikiwa bado wiki kadhaa, na yeye alinijazia ndoo mpaka shingoni akaibeba kwa mikono yake, na mimi nikamimina ya mwisho kichwani kwa starehe. Nilisimama kule chini nimeushika ule ufito.

“Umeuona?” akauliza.

“Nimeuona, mama.”

“Basi sugua.”